Nyandarua: Kaunti Iliyopimwa kwa Pauni

Ukinunua chipsi Nairobi leo, kuna uwezekano mkubwa kwamba kiazi chenyewe kilitoka Nyandarua. Huenda kabeji na karoti za nyumbani kwako zilitoka huko pia, na sehemu ya maji ya mfereji unayopikia. Bwawa la Sasumua, lililojengwa karibu na Njabini katika miaka ya 1950, bado linapeleka maji mjini mpaka sasa. Hata hivyo, muulize Mkenya wa kawaida anajua nini kuhusu Nyandarua, atakutajia vitu vitatu: baridi, viazi na matope.

Sasa uliza swali la pili: kwa nini Nyandarua inalima viazi? Jibu la haraka ni kwamba kuna baridi na mvua. Ni kweli, lakini halitoshi. Baridi haielezi kwa nini shamba moja liligawiwa likiwa ekari 15 na jingine mbali kidogo ekari 100. Haielezi kwa nini mahali pengi pana majina ya Kimaasai ilhali wenyeji wengi wanaongea Kikuyu. Wala haielezi kwa nini mkulima anayelisha jiji humsubiri broka aje na bei yake na gunia lake. Ili kuelewa hayo, itabidi turudi nyuma miaka mia moja hivi. Karibu tuanze na ardhi yenyewe.

Udongo unaoshika maji

Upande wa mashariki wa kaunti kuna milima ya Nyandarua. Mpelelezi Joseph Thomson aliipa jina la Lord Aberdare alipopita huku miaka ya 1880, lakini ilikuwa na majina yake tayari. Kilele chake kirefu, Ol Doinyo Lesatima, kinakaribia mita 4,000. Chini ya milima kuna nyanda pana kama Kinangop na Ol Kalou, na sehemu kubwa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Usiku hewa baridi huteremka mlimani na kutulia kwenye mabonde. Ndiyo maana kuna asubuhi mkulima huamka akakuta sakitu imeyachoma majani ya viazi yote, ilhali jirani aliye juu kidogo kwenye mteremko hajaguswa.

Chini ya udongo wa juu wa nyanda hizi kuna tabaka la mfinyanzi lisilopitisha maji kwa urahisi. Mvua ikinyesha sana, maji hayashuki. Hukaa pale juu. Kwa karne nyingi, kilichostawi vizuri huko kilikuwa nyasi za mashungi. Kuna ndege mdogo, Sharpe's longclaw, anayepatikana Kenya pekee, ambaye maisha yake yanategemea nyasi hizo. Ndege huyo sasa yuko hatarini kwa sababu nyasi zinalimwa. Kumbuka hili la udongo, tutalirudia.

Majina yanataja waliokuwepo

Ol Kalou, Ol Joro Orok, Ol Bolossat, Kinangop, Kipipiri. Ukiyasikia mengi ya majina haya unajua mara moja kwamba wafugaji wa Kimaasai walilisha mifugo hapa. Msituni kulikuwa na Waokiek, wawindaji na warina asali.

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilifanya mkataba na viongozi wa Kimaasai, akiwemo Olonana. Mkataba huo uliwaondoa Wamaasai kwenye malisho ya Bonde la Ufa yaliyokuwa karibu na reli mpya, na kuwagawa makundi mawili: wengine Laikipia, wengine kusini. Ndani yake kulikuwa na kipengele kidogo ambacho wengi hawakijui: Wamaasai walibakishiwa maili tano za mraba kwenye miteremko ya Kinangop kwa ajili ya sherehe za tohara. Maili tano tu, kutoka nchi nzima ya malisho.

Mkataba wa 1904 ulisemwa ungedumu daima. Mwaka 1911 ukaja mwingine, uliowahamisha na wale wa Laikipia kwenda kusini. Wamaasai walienda mahakamani mwaka 1913, na kesi ikatupwa. Mahakama ilisema mikataba hiyo ilikuwa kati ya mataifa mawili, hivyo haikuwa na uwezo wa kuihukumu. Hebu fikiria mantiki hiyo: mtu ananyang'anywa ardhi kwa sababu anatawaliwa, kisha ananyimwa kesi kwa sababu eti yeye ni taifa huru.

Masetla, maskwota na ua la pareto

Nchi ikawa sehemu ya nyanda za juu za Wazungu. Vitabu na filamu hupenda kusimulia bonde la Wanjohi la miaka ya 1920, na anasa za kikundi kidogo cha matajiri wa Kiingereza. Tulipite hilo haraka. Kwa uchumi wa eneo hili watu hao hawakuwa na uzito mkubwa. Masetla wengi walikuwa wakulima waliohangaika na benki, wakifuga kondoo na ng'ombe wa maziwa na kulima ngano na shayiri. Reli ndogo kutoka Gilgil kupitia Ol Kalou hadi Thomson's Falls, yaani Nyahururu ya leo, ndiyo iliyobeba mazao yao.

Kazi yenyewe ilifanywa na nani? Ilifanywa na familia za Wakikuyu zilizotoka Kiambu, Murang'a na Nyeri. Waliitwa maskwota. Setla aliwaruhusu kulima kipande na kulisha mifugo yao, na wao wakampa jasho lao. Sheria ya 1918 iliweka kiwango cha chini cha siku 180 za kazi kwa mwaka. Baadaye masharti yalikazwa na mifugo ya maskwota ikapunguzwa, kwa sababu ng'ombe wa skwota walianza kuonekana kama washindani wa ng'ombe wa setla.

Mnamo miaka ya 1930 likaja zao lililobadilisha mambo: pareto. Ni ua jeupe lenye kitovu cha manjano, na ndani ya vichwa vyake kuna kemikali zinazoitwa pairethrini. Kemikali hizi huvuruga neva za wadudu, kwa hiyo zilitumika kutengeneza dawa ya kuua mbu na chawa. Mmea huu una tabia moja ya ajabu: hauchanui vizuri bila usiku wa baridi. Baridi ile iliyoua mazao mengine ikawa mtaji! Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Japani ndiyo iliyoongoza duniani kwa pareto. Vita vilipokata biashara na Japani, Kenya ikachukua nafasi hiyo na kuishikilia kwa miongo mingi.

Vita vya Mau Mau vilipoanza mwaka 1952, maskwota wa maeneo kama Leshau walikuwa kati ya wa kwanza kufukuzwa na kurudishwa kwenye maeneo yaliyotengewa Wakikuyu. Wengi wao walikuwa wamezaliwa kwenye mashamba ya Wazungu, na huko walikorudishwa hawakuwa na ardhi. Msitu wa Nyandarua ukawa ngome ya wapiganaji chini ya Dedan Kimathi hadi alipokamatwa Oktoba 1956. Vita viliisha msituni, lakini maelfu ya watu wasio na ardhi walibaki wakiitazama nchi ya wazi upande wa pili wa mlima.

1962: shamba linapimwa kwa mapato

Hapa ndipo kaunti unayoijua leo ilipozaliwa, na ilizaliwa kwenye karatasi.

Uhuru ulipokaribia, pande tatu zilikuwa na wasiwasi tofauti. Masetla walitaka kuuza kabla bei haijaanguka. Uingereza iliogopa uchumi wa Kenya kuporomoka. Viongozi wa Kiafrika walijua kwamba wasio na ardhi hawangesubiri milele. Mwaka 1962 ukatangazwa Mpango wa Ekari Milioni Moja: ardhi ya masetla inunuliwe kwa bei ya soko, igawanywe, kisha iuzwe kwa Waafrika kwa mkopo. Fedha zilitoka serikali ya Uingereza, Benki ya Dunia na shirika la Uingereza la maendeleo ya makoloni. Kote nchini takriban familia 35,000 zilipewa makazi, na Nyandarua ilikuwa mojawapo ya vitovu vyake vikubwa. Wilaya yenyewe iliundwa wakati wa uhuru, kwa kumega maeneo yaliyokuwa ya Naivasha na Laikipia na kuyaunganisha na Mkoa wa Kati.

Sasa sikiliza jinsi mashamba yalivyokatwa. Wapangaji hawakusema "kila familia ipewe ekari kumi". Walianza na mapato. Katika skimu za watu wengi, shamba lilikadiriwa limpe mkulima kati ya pauni 25 na 70 kwa mwaka, baada ya familia kula na baada ya kulipa mkopo. Katika zile za watu wachache, kuanzia pauni 100 kwenda juu. Kisha afisa alipiga hesabu kurudi nyuma: ili kupata pauni hizo kwenye udongo huu, unahitaji ng'ombe wangapi, ekari ngapi za pareto, ngapi za viazi? Jibu likawa ndio ukubwa wa shamba. Penye udongo mzuri ulipata ekari chache. Penye baridi na maji yaliyotuama ulipata nyingi.

Kwa hiyo ukipita Njabini, Geta au Shamata ukaona mashamba yametofautiana ukubwa, usidhani ni bahati nasibu tu. Unatazama hesabu ya karani wa 1962.

Kulikuwa na mianya pia. Kuanzia 1964, nyumba za zamani za masetla zilitengwa pamoja na ekari 100 hivi kila moja, zikaitwa mashamba ya Z. Mengi yakaishia mikononi mwa wakubwa wa serikali na siasa. Na kule Ol Kalou, kwenye ule udongo wa mfinyanzi tuliousema, wataalamu waliogopa kwamba mashamba madogo yangeshindwa kabisa, kwa hiyo mwanzoni yaliendeshwa kama mashamba makubwa ya ushirika. Watu walitaka chao, na hatimaye hayo nayo yakagawanywa.

Deni la miaka 30

Mkopo wa ardhi ulikuwa wa miaka 30. Hesabu mwenyewe: aliyepewa shamba mwaka 1964 alitarajiwa kumaliza 1994. Juu yake kulikuwa na mkopo mwingine wa kununulia ng'ombe wa gredi, waya wa ua na mbegu. Mtu alianza maisha mapya akiwa tayari anadaiwa, tena akidaiwa ardhi ambayo kwa macho yake babu zake ndio waliolowesha kwa jasho.

Hili lilizua mjadala mkali mapema kabisa. Bildad Kaggia, aliyefungwa pamoja na Kenyatta huko Kapenguria, alipinga wazi watu kulipishwa ardhi, na mwaka 1964 akaacha kiti chake cha waziri msaidizi. Serikali ilishikilia kwamba ardhi lazima inunuliwe. Mbunge wa Nyandarua J.M. Kariuki, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa kizuizini wakati wa Mau Mau, alijenga siasa zake kwa sehemu kubwa juu ya suala la ardhi na maskini. Aliuawa Machi 1975.

Wakulima wengi walichelewesha malipo. Ripoti za wakati ule ziliita uvivu au ukaidi. Mimi naona ni jambo la kueleweka zaidi: mpango ulikadiria mwaka wa kawaida, na Nyandarua haina mwaka wa kawaida. Sakitu moja, ng'ombe mmoja kufa, na pauni zako 25 zimeenda.

Nguzo tatu, na jinsi mbili zilivyoyumba

Hesabu ya wapangaji ilisimama juu ya vitu vitatu: maziwa, pareto na viazi.

Maziwa yalikwenda KCC, chama kilichoanzishwa na masetla mwaka 1925. Pareto ilikwenda kwenye bodi yake. Vyote viwili vilikuwa na mnunuzi mmoja mkubwa, vyama vya ushirika katikati, na mfumo wa kukata mkopo kabla hela haijamfikia mkulima. Mfumo huo ulikuwa na faida zake. Mkulima alijua bei mapema. Pareto ilichumwa kila baada ya wiki mbili au tatu katika msimu, kwa hiyo pesa ilikuja kidogo kidogo. Wanawake ndio waliobeba sehemu kubwa ya kuchuma, na ada nyingi za shule zilitoka kwenye vikapu hivyo.

Udhaifu wake ni kwamba mnunuzi mmoja akiugua, kaunti nzima inaugua. Biashara ya maziwa ilifunguliwa mwaka 1992, na katika muongo huo KCC ikaporomoka ikiwa na madeni kwa wakulima. Ilifufuliwa mwaka 2003 kwa jina la New KCC. Pareto ilianguka vibaya zaidi. Malipo yalichelewa miezi, kisha miaka. Mkulima asiyelipwa hatoi hotuba, anang'oa. Kenya, iliyowahi kuuza zaidi ya nusu ya pareto yote duniani, ikapitwa na Tasmania.

Walipong'oa pareto walipanda nini? Ndiyo, viazi. Na hapa ndipo jibu la swali letu la mwanzo lilipo. Viazi vilishinda kwa sababu vinastahimili baridi, kweli, lakini pia kwa sababu broka hulipa leo. Anakuja na lori shambani, anahesabu noti mkononi, anaondoka. Kwa mtu aliyesubiri hundi ya pareto miaka miwili, hiyo si kitu kidogo.

Kiazi kisicholala

Ila broka naye ana bei yake. Aina ya viazi iliyoenea zaidi ni Shangi. Ilisambaa kutoka shamba hadi shamba kabla hata ya kutambuliwa rasmi. Inakomaa kwa miezi mitatu hivi, inaiva haraka jikoni, na wauza chipsi wanaipenda. Lakini ina tabia moja. Kila kiazi kikivunwa huwa na kipindi cha kulala kabla ya kuanza kuchipua. Usingizi wa Shangi ni mfupi mno. Baada ya wiki chache tu kinatoa macho. Mkulima hawezi kukiweka akingoja bei ipande.

Unganisha mambo sasa. Wote wamepanda mvua ileile, wote wanavuna mwezi uleule, na wote wana kiazi kisichongoja. Nani ana nguvu ya kujadili bei? Si mwenye shamba.

Nguvu hiyo huonekana kwenye gunia. Tuseme bei ni shilingi 2,000 kwa gunia. Likiwa la kilo 50, mkulima anapata shilingi 40 kwa kilo. Broka akishonea nyavu juu ya gunia mpaka liwe na kilo 125, bei "ileile" inakuwa shilingi 16 kwa kilo. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50, na ni sheria nzuri. Tatizo ni kwamba utekelezaji unategemea mkulima kukataa lori lililosimama mbele ya viazi vinavyokaribia kuchipua.

Kuna adui mwingine asiyeonekana. Wakulima wengi hutumia mbegu waliyobakiza au kununua kwa jirani, na sehemu ndogo tu hupanda mbegu iliyothibitishwa. Kwa njia hiyo mnyauko wa bakteria husafiri pamoja na mbegu. Mwaka 2015 wanasayansi waligundua kwa mara ya kwanza nchini, hapahapa Nyandarua, minyoo midogo sana inayoshambulia mizizi ya viazi. Mayai yake hukaa kwenye vifuko vigumu udongoni kwa miaka mingi. Dawa kubwa ni kubadilisha mazao: usirudie viazi hapo kwa misimu kadhaa.

Ni ushauri mzuri, ila unahitaji ardhi. Chukua shamba la ekari 20 la 1964. Likigawiwa watoto wanne, kila mmoja ana 5. Nao wakigawia wanne wanne, kila mjukuu ana ekari moja na robo. Karani wa 1962 alipiga hesabu ya familia moja, yenye ng'ombe hapa, pareto pale, viazi kule, na kipande cha kupumzika. Mjukuu hana kipande cha kupumzika. Anapanda viazi juu ya viazi, na minyoo inamshukuru.

Tunajifunza nini?

Mara nyingi utasikia kwamba mkulima wa Nyandarua "aelimishwe" kuhifadhi mazao, kubadilisha mimea na kukataa magunia makubwa. Elimu haidhuru. Lakini baada ya kupitia historia hii, naamini utaona kwamba mambo hayo matatu yana mzizi katika mambo ambayo mkulima hakuyaamua peke yake: ukubwa wa shamba uliopangwa kwa ajili ya kizazi kimoja, wanunuzi walioanguka bila kulipa, na kiazi kilichoenea kwa sababu soko la mjini lilikitaka.

Hata mambo yanayoonekana ya kisasa yana kivuli hicho. Mradi wa umeme wa upepo wa Kinangop, wa megawati 60 hivi, ulivunjwa mwaka 2016 baada ya upinzani mkali wa wenyeji. Wengine waliwacheka, ati wanaogopa mapangaboi. Lakini hawa ni watu ambao wazazi wao walifukuzwa mara moja na kulipia ardhi miaka 30. Ukifika kwao na mkataba wa ardhi usioeleweka, utaulizwa maswali mengi, na ni haki yao.

Kwa hiyo ukiwa na bibi au babu aliyepewa shamba kwenye skimu, mwulize maswali mawili: shamba lilikuwa la ekari ngapi, na mkopo ulimalizika mwaka gani? Wengi bado wanakumbuka nambari ya shamba lao bila kufungua sanduku la hati. Andika majibu yao vizuri, na tarehe. Kumbukumbu za serikali zimehifadhi upande wa karani. Upande wa aliyelipa bado uko vichwani mwa wazee, na wazee hao wanazidi kupungua kila msimu wa baridi.